Nafasi ya Mtendwa: Mpaka kati ya Kujihami na Kuua katika Riwaya ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna fasihi ya Kiswahili, hasa riwaya inayoihusu Dar es Salaam au inayosomwa huko, inavyouchora mpaka kati ya kuua kwa kujihami na kuua kwa makusudi. Inajenga hoja kwamba mpaka huo, kabla ya kuwa wa kisheria, ni wa kisarufi na wa kisimulizi: unategemea nani amepewa nafasi ya mtendwa na nani amenyimwa. Kazi za Elvis Musiba, Ben Mtobwa, Ebrahim Hussein na Euphrase Kezilahabi zinasomwa sambamba na kesi ya mauaji ya msitu wa Pande ya mwaka 2006.

Kitenzi chenye nafasi moja

Kitenzi *kuua* hakihukumu. Mtu huua mbu, huua adui vitani, huua jirani yake kwa shoka; kitenzi ni kilekile. Anayetaka kuhukumu analazimika kuongeza maneno: *kwa makusudi*, *bila kukusudia*, *kwa bahati mbaya*, *kikatili*. Nomino *mauaji* nayo imebaki na upana huohuo, ndiyo maana magazeti huitumia kwa ajali ya kizembe, kwa vita na kwa ugomvi wa wapenzi bila kusita. Kwa upande wa pili, *kujihami* na *kujitetea* ni vitenzi vilivyokwisha kuhukumu. Asemaye *alijihami* hahitaji kuongeza *kwa haki*. Haki imo ndani ya neno.

Tofauti hiyo ya kimsamiati inajulikana. Iliyo muhimu zaidi ni ya kimuundo, na haijapewa uzito unaostahili katika uhakiki. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha mtendwa. Katika *alimuua*, nafasi hiyo imekaliwa na *-mu-*, yaani aliyekufa. Katika *alijihami*, imekaliwa na *-ji-*, yaani aliyebaki hai. Viambishi hivyo viwili haviwezi kukaa pamoja katika kitenzi kimoja. Kwa hiyo pale msimulizi anapochagua *kujihami*, marehemu hatoki katika kitenzi kwa sababu amesahauliwa. Anatoka kwa sababu kiti chake kimekaliwa. Akirudi, hurudi kupitia kirai: *alijihami dhidi yake*. Hapo ameshakuwa chanzo cha hatari, si mtu aliyekufa.

Haidaiwi hapa kwamba sarufi inamlazimisha mtu kufikiri hivi au vile. Sentensi ya pili inaweza kuandikwa wakati wowote, na ndani yake marehemu akarudishiwa jina, umri na mama aliyemzaa. Swali la kihakiki ni kama mwandishi anaiandika sentensi hiyo ya pili. Katika sehemu kubwa ya riwaya pendwa ya Dar es Salaam, haiandikwi.

Kuwahi na kuwahiwa

Tangu Faraji Katalambulla alipochapisha *Simu ya Kifo* mwaka 1965, Dar es Salaam imekuwa mji mkuu wa maiti katika riwaya ya upelelezi ya Tanzania Bara. Muhammed Said Abdulla alikuwa ametangulia upande wa Zanzibar kwa *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), lakini Bwana Msa wake ni mtu wa kiko na mantiki: anafika mtu akiwa ameshakufa, naye kazi yake ni kufumbua. Mashujaa waliofuata Bara ni wa aina nyingine. Willy Gamba wa Musiba ni jasusi wa serikali anayelazimika kuua ili aendelee na kazi. Joram Kiango wa Mtobwa ni mpelelezi asiye polisi, asiye na kibali cha mtu. Kwa wahusika wa namna hii mpaka kati ya kujihami na kuua si suala la pembeni. Bila mpaka huo, shujaa hatofautiani na jambazi anayemfukuza.

Jinsi mpaka unavyochorwa kunaweza kuonyeshwa kwa sentensi ya kubuni, ambayo msomaji yeyote wa tanzu hii ataitambua: *Akapeleka mkono kiunoni, nikamuwahi, akaanguka.* Mambo mawili yanastahili kutazamwa hapa. La kwanza ni *-ka-* ya mfuatano. Kiambishi hiki hakisemi tu kwamba tendo la pili lilikuja baada ya la kwanza. Katika masimulizi kinadokeza kwamba lilitokana nalo. Mlolongo wa *-ka-* tatu hauachi ufa ambamo msomaji angeuliza: je, aliamua? Hakuna uamuzi, kuna mfuatano tu. La pili ni kitenzi *kuwahi*. Kwa asili yake kinahusu wakati: mtu huwahi basi, huwahi kazini. Kinapochukua mahali pa *kuua*, mauti ya mtu yanageuka kuwa suala la nani alifika mapema. Ni kweli kwamba *-mu-* imo katika *nikamuwahi*, lakini aliyewahiwa ameshindwa mbio tu, na kifo chake kimeachiwa kitenzi cha tatu ambacho hakina mtendwa kabisa: *akaanguka*.

Sheria inadai zaidi ya hapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika vifungu vya 18A hadi 18C vilivyoongezwa mwaka 1980, inampa kila mtu haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini inauliza kama nguvu iliyotumika ilikuwa ya kadiri, na kama hofu ya aliyeua ilikuwa na msingi. Maswali hayo mawili yanahitaji muda. Hakimu hurudi nyuma akaigawanya sekunde moja vipande vingi. Riwaya pendwa hufanya kinyume: huifunga sekunde hiyo kwa *-ka-*, kisha ikaendelea na safari.

Si haki, hata hivyo, kuzihukumu riwaya za Musiba kana kwamba ziliandikwa pasipo historia. Adui wa Gamba katika *Kikosi cha Kisasi* ni mkono wa utawala wa Makaburu, na Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Msomaji wa miaka ya 1970 hakumwona Gamba kama mtu mmoja mwenye bastola. Alimwona kama nchi inayojihami. *-ji-* ilikuwa imepanuka ikawa taifa, tena bara zima. Hoja hiyo ina nguvu, na wahakiki wanaozidharau riwaya hizi kwa kuziita burudani tupu wanaikosa. Tatizo ni kwamba fomula haikustaafu utawala wa Makaburu ulipokoma mwaka 1994. Ilibaki tayari kwa adui yeyote, hata akiwa kijana wa Manzese.

Mtobwa anaelekea kuwa alilihisi tatizo hilo mapema. Jina la riwaya yake *Najisikia Kuua Tena* ni la kushtusha kuliko inavyodhaniwa. *-ji-* imo, lakini imehamia katika kitenzi kingine: anayezungumza hajihami, anajisikia. Na *kuua* kumeachwa bila mtendwa. Kuua nani? Jina halijali. Neno *tena* linaongeza kwamba kulikuwa na mara ya kwanza, labda yenye sababu nzuri, na sasa sababu haihitajiki. Maneno matatu yanaeleza namna mazoea ya kujihami yanavyoweza kumea yakawa hamu. Tanzu nzima ina majina ya aina hii, *Kufa na Kupona* ya Musiba na *Roho Mkononi* ya Hammie Rajab miongoni mwayo, lakini mengi yanamwahidi msomaji hatari itakayompata shujaa. Jina la Mtobwa linaahidi hatari itakayotoka ndani ya anayezungumza.

Kuna mfano wa zamani zaidi, ambao Watanzania wengi walikutana nao shuleni kupitia tafsiri ya Julius Nyerere, *Juliasi Kaizari*. Hoja ya Brutus ni hoja ya kuwahi katika umbo lake safi: Kaizari bado hajatenda dhuluma, lakini akivikwa taji ataitenda, basi auawe kabla. Shakespeare anampa Brutus usiku mzima wa kuipima hoja hiyo peke yake bustanini, na msomaji anapata wasaa wa kuona kwamba hatari inayozungumzwa bado haipo. Tofauti kati ya usiku ule na *nikamuwahi* ndiyo tofauti inayojadiliwa hapa.

Majibizano

Mtu anaweza kusema kwamba hadithi ni hadithi, na hakuna aliyekufa kwa sababu ya *-ka-*. Kesi ya Pande inatia shaka utulivu huo.

Mnamo tarehe 14 Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva wa teksi wa Dar es Salaam, waliuawa. Taarifa ya polisi kwa umma ilisema kwamba hao walikuwa majambazi na kwamba walikufa katika majibizano ya risasi na polisi. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na hadithi ya majibizano ikaporomoka: watu hao walikuwa wamekamatwa Sinza, wakapelekwa katika msitu wa Pande, Mbezi, wakati huo ndani ya Wilaya ya Kinondoni, wakapigwa risasi huko. Maofisa na askari wa polisi walishtakiwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washtakiwa, ikieleza kwamba waliofyatua risasi hasa hawakuwa mbele yake. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wao kwa mauaji ya kukusudia na kuthibitisha kuachiwa kwa wengine waliokatiwa rufaa.

Kwa mwanaisimu, neno linalostahili kusimamishwa ni *majibizano*. Limetokana na *jibu*, likapitia kauli ya kutendana, *jibizana*. Kiambishi *-an-* kinadai watendaji wawili wanaotendeana jambo lilelile. Hakuna majibizano ya mtu mmoja. Kwa hiyo taarifa haikuhitaji kusema wazi kwamba marehemu walikuwa na silaha, wala kwamba walifyatua. Mofolojia ilikwisha kusema. *Mapigano*, *mapambano*, *makabiliano* ni ndugu zake, na yote yamezoeleka katika taarifa za aina hii. *-an-* inatimiza kazi ambayo *-ka-* inaitimiza katika riwaya: inamhakikishia msomaji, bila ushahidi, kwamba upande wa pili ulianza au angalau ulishiriki. Taarifa ile iliaminika kwa muda kwa sababu umbo lake lilikuwa limeshasomwa mara nyingi. Haidaiwi kwamba mtu yeyote alinakili riwaya. Inadaiwa kwamba umma ulikuwa umefundishwa jinsi ya kuipokea hadithi ya kujihami, yaani kuipokea bila kuuliza juu ya mtendwa.

Safari ya kesi yenyewe inasomeka kisarufi. Kwanza kulikuwa na kutendana, ambako hakuna mwenye hatia. Tume ikaondoa *-an-*, zikabaki sentensi za kutendwa: watu wanne *waliuawa*. Hukumu ya mwaka 2009 ikaiacha sentensi ikiwa na mtendwa lakini haina mtenda. Ilichukua miaka kumi na miezi kadhaa kutoka Januari 2006 hadi mtenda mmoja kuandikwa.

Upande wa wananchi una fomula yake. Kibaka akipigwa hadi kufa Mbagala au Tandika, gazeti litaandika kwamba ameuawa na *wananchi wenye hasira kali*. Mtenda yupo safari hii, lakini hana uso. Na kivumishi alichopewa kinataja hisia yake badala ya kitendo chake. Wizi wa simu umejibiwa kwa tairi na petroli, na bado lugha inamweka aliyechoma katika upande wa waliodhulumiwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika juu ya mauaji haya katika ripoti zake za kila mwaka. Kisheria hakuna ugumu: aliyekwisha kukamatwa, kufungwa kamba na kulazwa chini hamtishi mtu. Hofu imekwisha, na kilichobaki ni adhabu. Kisimulizi, ugumu ni mkubwa, kwa sababu fomula haina mahali pa kuonyesha dakika ambayo hofu iliisha.

Dhuluma ya polepole

Dakika hiyo ndiyo Albert Camus aliyoiandika katika *L'Étranger* (1942). Meursault ufukweni anaona kisu kikimeremeta mkononi mwa Mwarabu, anafyatua. Kama hadithi ingeishia kwa risasi hiyo moja, wakili wa kujihami angekuwa na la kusema. Lakini Meursault anatulia, kisha anafyatua mara nne zaidi katika mwili usiotikisika. Maadili ya riwaya nzima yamo katika utulivu huo kati ya risasi ya kwanza na ya pili. Ni kweli pia, na wahakiki wa Afrika Kaskazini wameling'ang'ania jambo hili kwa haki, kwamba Camus hakumpa marehemu jina. Hata mwandishi aliyeipasua sekunde aliiacha nafasi ya mtendwa wazi.

Kezilahabi amelinganishwa mara nyingi na Camus kwa sababu ya udhanaishi wake. Ulinganisho huo una faida zaidi ukihamishwa kutoka katika falsafa kwenda kwenye suala la mauaji. Katika *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), Tumaini anapoteza urithi wake kwa starehe, anajijenga upya kwa kilimo, kisha siasa ya Ujamaa inamfikia na kumnyang'anya alichokijenga. Anamuua kiongozi wa serikali. Ananyongwa.

Msomaji wa 1975 hakuhitaji kukumbushwa tukio la Isimani. Tarehe 25 Desemba 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Dakta Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, shambani kwake, kisha akaupeleka mwili polisi yeye mwenyewe. Utetezi wake haukukubaliwa na mahakama, akanyongwa. Tukio hilo limesimuliwa kwa namna mbili tangu hapo: kwa wengine Klerruu ni shahidi wa Ujamaa, kwa wengine Mwamwindi ni mtu aliyesukumwa hadi ukutani. Kila simulizi ina mtendwa wake na inamfuta wa mwenzake.

Kezilahabi hakuchagua kati ya hizo mbili, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Angeweza kumpa Tumaini ile sekunde ya riwaya pendwa: kiongozi anapeleka mkono kiunoni, Tumaini anamuwahi. Msomaji angelala usingizi. Badala yake dhuluma anayotendewa Tumaini ni ya polepole na ina muhuri wa serikali, huku jibu lake likiwa la ghafla na lenye damu. Hakuna kipimo cha kadiri kinachoweza kuvisawazisha viwili hivyo. Sheria inaruhusu kulinda mali dhidi ya tendo lisilo halali. Kutaifisha kulikuwa halali. Basi Tumaini ni muuaji, na riwaya haimwombei udhuru. Lakini pia haimruhusu msomaji kusema kwamba hakuna kilichotendwa dhidi yake. Wahakiki waliolalamika kwamba mwisho huo unaonyesha mashaka ya mwandishi juu ya Ujamaa walikuwa sahihi kuhusu mashaka, ila walidhani ni udhaifu wa kisiasa. Ni uaminifu wa kisanaa: mwandishi ameacha *-mu-* na *-ji-* vigombee nafasi moja mbele ya macho ya msomaji, na kila mmoja ana madai. Kisha anakuja mtenda wa tatu, dola, naye anaua kwa kamba, kwa utaratibu, bila hofu yoyote ya kudai.

Hussein alikuwa amekaribia eneo hilohilo katika *Mashetani* (1971). Katika mchezo wa Juma na Kitaru chini ya mbuyu, Binadamu anamuua Shetani. Ikisomwa kama fumbo la ukoloni, hakuna kujihami kulikostahiki zaidi. Hata hivyo Kitaru hatoki salama katika mchezo huo. Kinachofuata ni ugonjwa wa nafsi, daktari na mganga. Hussein anaelekea kusema kwamba hata mauaji ya haki, tena ya kuigiza, yanamwachia aliyeua kitu ambacho haki haikiondoi. Katika riwaya pendwa shujaa huagiza bia.

Neno linalokosekana

Suala hili limepata uzito mpya tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Istilahi zilizokuwa zikitumika gazetini sasa zinatakiwa kubeba hukumu. *Mauaji ya kukusudia* na *kuua bila kukusudia* ndiyo jozi iliyozoeleka, na inafaa kwa kesi nyingi. Haifai kwa kifungu cha 18B, kinachosema kwamba anayesababisha kifo kwa kutumia nguvu iliyozidi kadiri katika kujihami ana hatia ya kosa dogo kati ya hayo mawili. Mtu huyo, kwa istilahi iliyopo, ataambiwa kwamba ameua *bila kukusudia*. Lakini huenda alikusudia. Alivamiwa usiku chumbani kwake Tandale, akapiga pigo la kwanza kwa haki, mvamizi akaanguka, naye akiwa bado anatetemeka akapiga la pili. Pigo la pili alilikusudia kabisa. Alichokosa ni kadiri, wala si kusudi.

Watafsiri wa sheria watalitafutia jambo hili neno, na pengine litakuwa refu na lisilopendeza. Waandishi wa riwaya wana kazi tofauti. Riwaya pendwa imemwandika mara nyingi anayewahi, Kezilahabi amemwandika anayelipiza, magazeti yamewaandika wenye hasira kali. Aliyejihami kupita kiasi, yule wa Tandale, mwenye mvamizi sakafuni na panga ambalo bado hajalitua, anangoja mwandishi wa kumpa sura nzima ya kitabu kati ya pigo la kwanza na la pili, na katika sura hiyo kumpa mvamizi jina.